Shauri la Maaskofu, Februari 1977

Neno shauri, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina sura mbili katika lugha yetu: ni nasaha ampayo mtu mwenziwe, na tena ni kesi iliyo mbele ya hakimu. Kisa tutakachokieleza kina sura zote mbili, na mizizi yake imo Koboko, nchi ya Wakakwa, kaskazini ya Kilima cha Arua.

Huko alizaliwa Silvanus Wani, mwaka 1916. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, wakajenga Mvara, wakaridhia kwamba waumini wao wawe chini ya Askofu wa Uganda. Wani alipata upadri, akawahudumia askari wa King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili (na jeshini humo, sisi walimu twajua, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi). Mwaka 1969 alirudi nyumbani akiwa Askofu wa Madi na West Nile; kiti alichokiacha kaskazini mwa Uganda kikakaliwa na Janani Luwum.

Luwum alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Katika mikutano yao mtu husimama akakiri kosa lake, akasimulia alilofunzwa nalo, na ndugu wakamwonya waziwazi. Cheo hakimkingi mtu na maonyo hayo, awe mwalimu au askofu. Kwa maoni yetu, bila kuijua desturi hii ni vigumu kuielewa barua ya mwaka 1977.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari waliipekua nyumba ya Luwum, aliyekuwa sasa Askofu Mkuu. Nyumba ya Askofu wa Bukedi, Yona Okoth, nayo ilipekuliwa. Maaskofu wakakutana, wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya tarehe 10. Hawakumtukana, wala hawakumbembeleza. Walimweleza hofu iliyowapata raia mbele ya bunduki za serikali yao wenyewe. Rehoboamu alipoyakataa mashauri ya wazee alipoteza makabila kumi. Amin aliigeuza nasaha kuwa mashtaka: tarehe 16 Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza ajali ya gari.

Aliyechaguliwa kukishika kiti chake ni Wani, Mkakwa kama Amin mwenyewe. Mtu wa mbali angeweza kudhani kwamba udugu huo ni kinga. Amin alipoangushwa mwaka 1979, gharama ya shauri lililokataliwa haikulipwa na yeye aliyekimbilia ughaibuni. Mwaka 1980 majeshi yaliingia Koboko na Arua kwa kisasi, na watu kwa maelfu wakavuka mipaka ya Sudan na Zaire, miongoni mwao wengi wasiopata hata kumwona Amin.

Wani alistaafu, na mwaka 1984 kiti kikapewa Yona Okoth.