Alama Moja ya Bart: Ubora na Kasoro za Mchezo Mmoja wa Katuni

Wako walimu wenzetu wanaodharau katuni, wakisema kuwa ni mambo ya watoto yasiyostahili kuzungumzwa na watu wazima. Sisi hatuoni hivyo. Mchezo ukihusu mwanafunzi, mwalimu na mtihani, basi watuhusu, hata ukiwa umechorwa ng'ambo. Hapa twakusudia kuupima mchezo mmoja wa Marekani, tuone wema wake na upungufu wake.

Mfululizo wa The Simpsons, uliobuniwa na Matt Groening, ulianza mwaka 1987 kama vichekesho vifupi ndani ya kipindi kingine cha televisheni. Mwezi wa Desemba 1989 ukapata kipindi chake wenyewe. Wahusika wake ni jamaa moja ya mji wa kubuni uitwao Springfield. Kijana wao Bart, mwenye umri wa miaka 10, ni mtundu na mzembe wa masomo. Mwaka 1990 fulana zenye picha yake na maneno ya kujivunia kushindwa zilienea Marekani, hata wakuu wa baadhi ya shule wakazipiga marufuku. Mwaka huo huo, tarehe 11 Oktoba, ilionyeshwa sehemu iitwayo "Bart Gets an F", yaani Bart apata F, ambayo ni alama ya kushindwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Bart asimama darasani kueleza habari za kitabu ambacho hakukisoma, akaumbuka. Mtihani wa historia nao wamshinda. Mtaalamu wa saikolojia ashauri arudie darasa la nne, na aibu hiyo yamtia hofu. Amwomba msaada Martin, mwanafunzi hodari. Lakini Martin aonja utundu, akaviacha vitabu. Usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho, Bart amwomba Mungu shule ifungwe. Asubuhi theluji yaanguka, shule yafungwa, na wenzake watoka kucheza. Yeye ajifungia chumbani kusoma. Hata hivyo apata alama 59, moja tu pungufu ya kupita.

Hapo ndipo palipo na ubora wa kwanza wa mchezo huu. Bart aangua kilio. Kijana aliyechapwa kwenye fulana kama shujaa wa kushindwa, leo alia kwa sababu amejitahidi na bado ameshindwa. Watunzi hawakumcheka, wala hawakumhubiria. Walituonyesha jambo ambalo sisi walimu twalisahau upesi: aghalabu kiburi cha mtoto mzembe ni pazia la kufichia aibu yake.

Ubora wa pili ni jinsi anavyopona. Katika kilio chake Bart asema kwamba sasa aelewa alivyojisikia George Washington aliposalimu amri kwa Wafaransa katika ngome ya Fort Necessity mwaka 1754. Mwalimu wake, Bibi Krabappel, ashangaa. Huyu ameyatumia maarifa ya kitabuni kuielewa hali yake mwenyewe! Amwongezea alama moja, naye Bart apita kwa D ya chini kabisa.

Tukigeukia kasoro, ya kwanza ni kwamba hakuna anayemfundisha Bart kusoma. Wakubwa wampima na kumwonya, lakini hakuna aliyeketi naye kitabu kikiwa wazi hadi aelewe. Kazi ambayo ingekuwa ya mwalimu imeachiwa theluji.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Bibi Krabappel alifurahi kulisikia jina la ngome na mwaka wake, wala hakuuliza zaidi. Angaliuliza, darasa lingalisikia kisa cha ajabu. Mwezi wa Mei 1754 askari wa Washington walipambana na kikosi cha Wafaransa, na mkuu wa kikosi hicho, Jumonville, akauawa. Tarehe 3 Julai, ndugu yake Jumonville aliizingira Fort Necessity. Mvua ilikuwa ikinyesha, mahandaki yamejaa maji, baruti imelowa. Washington, aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliletewa hati ya kusalimu amri iliyoandikwa kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Mkalimani wake, Jacob Van Braam, alikuwa Mholanzi. Washington akatia sahihi. Ndani ya hati mlikuwa na neno lililomaanisha kwamba Jumonville aliuawa kwa hila, nalo likawa kama kukiri kwake. Baadaye Washington alidai kuwa alitafsiriwa kana kwamba ni kifo tu.

Ndugu walimu, sisi tunaoishi katika nchi ambamo barua za ofisi huandikwa kwa lugha ambayo wazee wetu wengi hawaisomi, je, kisa hiki ni kigeni kwetu? Ni wangapi waliotia dole gumba kwenye karatasi waliyosomewa na mtu mwingine? Hayo ndiyo yaliyofichika nyuma ya tarehe moja aliyoitaja Bart.

Sisi wenyewe hatuna usafi wa kumlaumu Bibi Krabappel. Tumewahi kuishika kalamu nyekundu juu ya karatasi ya mwanafunzi aliyepungukiwa na alama moja. Mara nyingine tuliiongeza kwa huruma, mara nyingine tuliinyima kwa ukali, na mara zote mbili hatukumwita mwenyewe tukamwuliza anajua nini. Huruma yetu na ukali wetu vilikuwa uvivu mmoja.

Kwa hiyo twausifu mchezo huu kwa kuonyesha kwamba maarifa yaliyotumika yastahili alama. Twaulaumu kwa kuishia kwenye alama. Mwanafunzi akitaja mwaka 1754, mwalimu na aulize: kwa nini alisalimu amri, na karatasi ile ilisema nini?