Filamu ya Fedha Kidogo na Njia Yake kwa Watazamaji

Kata ya Nyasubi imo katika mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, mahali inapopita barabara kuu ya malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Nchi hiyo ya Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma imepokea wageni wengi tangu ilipofunguliwa migodi mikubwa ya dhahabu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, ulio karibu kabisa na mji, uliofanya kazi tangu mwaka 2009 hata ukafungwa mwaka 2021. Mji wa namna hiyo, ambamo fedha huja ghafula na kuondoka ghafula, haukosi visa. Mwanafunzi wa hapo atakaye kutengeneza filamu ya kusisimua, yenye wizi, ufukuzano na siri inayofichuka mwishoni, anacho kisa tayari. Anavyokosa ni vitu vitatu: chombo cha kunasia picha, watu wa kuigiza bila ujira, na njia ya kuwafikishia watazamaji kazi yake ili apate fedha ya kutengeneza nyingine.

Historia ya filamu za gharama ndogo katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba shida mbili za kwanza zimekuwa zikipungua kadiri miaka ilivyopita. Ile ya tatu haikupungua. Ilibadilisha wenyewe tu. Njia ya kuwafikia watazamaji ilishikwa kwanza na serikali, kisha na wafanya biashara, na kila aliyeishika ndiye aliyeamua filamu iwe ya namna gani na faida yake iende wapi.

Jaribio kubwa la kwanza lilifanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Kwa msaada wa dola 55,000 kutoka shirika la Carnegie la New York, Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Walitumia utepe mwembamba wa milimita 16, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko ule wa majumba ya sinema, na maneno waliyanasa katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa lugha mbalimbali. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida wasiojifunza kazi hiyo. Katika kazi zao za mwanzo imo filamu ya kuwahimiza watu waweke fedha katika benki ya posta: mmoja aweka fedha yake benki, mwenziwe aifukia chini, na mwizi aja kuifukua. Ingawa kusudi lake lilikuwa mafundisho, ni dhahiri kwamba aliyewaweka watazamaji macho ni yule mwizi.

Lori ndilo lililokuwa njia ya filamu hizo. Lilibeba mashine ya kuonyeshea, jenereta, kitambaa cheupe na sahani za santuri, likaenda toka mji hadi mji, na watu wakatazama usiku uwanjani. Hapakuwa na mauzo wala soko. Fedha ya Marekani ilipokwisha, kazi nayo ikakoma. Filamu zilipendwa na wengi, lakini hapakuwa na mtazamaji hata mmoja ambaye senti yake iliweza kulipia filamu ya pili.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Tanganyika ilijaribu tena, safari hii kwa kushirikiana na watengenezaji wa filamu wa Afrika ya Kusini. Filamu za hadithi zilitengenezwa kwa Kiswahili, nazo zikapelekwa kwa magari ya sinema ya serikali. Iliyokumbukwa zaidi ni "Mhogo Mchungu" ya mwaka 1952. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyesoma Tabora, ambaye mwezi wa Januari 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kisa chenyewe ni cha mtu wa shamba afikaye mjini akaangukia mikononi mwa walaghai. Kisa hicho yafaa kishikwe akilini, maana kitaonekana tena baadaye, mahali pengine na kwa mikono mingine.

Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikapewa kazi ya kutengeneza filamu na kuzisambaza. Nia ilikuwa njema, lakini utepe wa filamu na dawa za kuusafishia vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilizidi kuadimika mwaka hadi mwaka. Filamu za hadithi zilizotoka zilihesabika kwa vidole, na mwanafunzi asiye mtumishi wa serikali hakuwa na mlango wa kuingilia. Wakati huo huo majumba ya sinema yaliishi kwa filamu za Bara Hindi, za Hong Kong na za Marekani, nazo ndizo zilizowafundisha vijana namna kisa cha kusisimua kinavyopangwa.

Mabadiliko yaliletwa na kanda ya video. Kuanzia miaka ya 1990 kamera ya video iliyonunuliwa kwa kazi ya kupiga picha za harusi iliweza siku ya pili kupiga picha za mchezo. Vituo vya televisheni vilivyoanza Tanzania Bara mwaka 1994 viliwapa nafasi waigizaji wa vikundi kama Kaole Sanaa Group, na nyuso zao zikajulikana na watu wengi. Mwaka 2003 filamu ya "Girlfriend", iliyoongozwa na George Otieno aliyejulikana kwa jina la George Tyson, ilionyesha kwamba watu wako tayari kulipia hadithi ya nyumbani. Katika miaka hiyo hiyo Mussa Banzi alitoa "Nsyuka", filamu ya kutisha iliyothibitisha kwamba hofu yaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo, mradi mtazamaji aijue asili yake. Hivyo ikazaliwa biashara iliyoitwa Bongo Movie, na filamu moja iliweza kupigwa picha kwa muda wa wiki mbili au pungufu.

Hapo ndipo njia ilipohamia mikononi mwa wafanya biashara wa Kariakoo. Mtayarishaji aliyekwisha kukopa fedha ya chakula cha waigizaji na mafuta ya gari hakuweza kusubiri kanda ziuzwe moja moja mpaka Kahama na Geita. Aghalabu aliiuza filamu yake yote, pamoja na haki zake, kwa msambazaji mmoja na kwa malipo ya mara moja. Msambazaji ndiye aliyekuwa na mashine za kunakilia, karatasi za jalada, na jamaa wa biashara katika kila mkoa. Matokeo yake yalionekana katika umbo la filamu zenyewe. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Mandhari zikarefushwa pasipo haja. Na jalada lenye sura ya mchezaji maarufu likawa na thamani kuliko mswada. Mwenye kulaumu udhaifu wa filamu hizo pasipo kutazama mkataba wa mauzo huwa amelaumu matawi na kuiacha mizizi.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2013 serikali ilitaka kanda na sahani za filamu ziuzwe zikiwa na stempu ya kodi. Hata hivyo haki iliyoandikwa haimfai sana mtu aliyekwisha kuiuza, wala stempu haikuwazuia wanakili wa vichochoroni.

Mfano wa kutafuta njia nyingine ulitokea Uganda, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala. Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali na aliyejifunza kompyuta kwa muda mfupi na mengine akajifundisha mwenyewe, alitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo "Who Killed Captain Alex?". Gharama yake husemwa kuwa haikufika dola 200. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipande vikuukuu. Bunduki zilichongwa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mchezaji mmoja alipougua, ndipo ikatumiwa rangi ya chakula. Wachezaji walikuwa majirani, nao hao hao ndio waliokuwa wachuuzi: walibeba sahani wakaziuza mlango kwa mlango, wakigawana mapato, wakijua kwamba zina siku chache tu za kuuzika kabla ya wanakili kuzidaka. Njia ilikuwa fupi, lakini ilikuwa yao. Hasara ilitokea upande mwingine: Nabwana alilazimika kuifuta filamu ya asili katika kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Kilichosalia leo ni nakala zilizotoka katika sahani, zenye sauti ya msimulizi juu yake.

Mfano wa pili watoka Nairobi, nao wahusu wanafunzi waziwazi. "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012 ilitokana na mafunzo ya utengenezaji wa filamu yaliyoandaliwa na One Fine Day Films ya Ujerumani pamoja na wenzao wa Kenya. Vijana wa Kiafrika walijifunza kazi darasani, kisha wakaifanya katika filamu yenyewe chini ya uongozi wa David Gitonga. Joseph Wairimu, aliyecheza nafasi ya Mwas, alipata tuzo ya mchezaji bora katika tamasha la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza sahani za filamu, na ili azinunuze huwaigizia wateja wake yaliyomo ndani. Akaenda Nairobi kutafuta uigizaji, akaibiwa siku ya kwanza, mwisho akaingia katika kundi la majambazi.

Hapa yule mtu wa shamba wa mwaka 1952 amerudi. Miaka 60 imepita, mfadhili si serikali ya kikoloni tena, na lugha ya kinywani ni Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, Kikikuyu na Kiingereza. Lakini kisa ni kile kile. Tofauti ni kwamba katika "Mhogo Mchungu" onyo lilitoka kwa serikali kwenda kwa mwananchi asiende mjini ovyo. Katika "Nairobi Half Life" kijana mwenyewe ndiye anayetazama mji, naye haonywi na mtu. Mtazamaji aachiwa apime. Na kwa kumfanya shujaa wake kuwa mchuuzi wa sahani, filamu hiyo imeonyesha kiungo ambacho wengi hukisahau: mtu maskini kabisa katika biashara ya filamu ndiye anayeifikisha kwa mtazamaji.

Kwa wachunguzi wa lugha, kazi hizi zina thamani isiyotegemea ubora wake. Katika filamu nyingi za video waigizaji hawakupewa maneno ya kukariri. Walielezwa kisa, kisha kila mmoja akasema kwa ulimi wake. Kwa sababu hiyo zimehifadhi mazungumzo ya mtaani, yenye kukatizana, matusi, heshima na mzaha, ambayo kitabu hakiyapati. Kuna pia istilahi zilizozaliwa pembeni mwa filamu. Mchezaji mkuu ni "steringi", na kanuni ya kwamba steringi hafi yajulikana na kila mtoto. Chumba cha kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo ni "kibanda umiza", jina linaloeleza lenyewe hali ya mabenchi na joto lake. Humo akatokea fundi mpya wa lugha, mfasiri anayezungumza juu ya filamu ya kigeni huku ikiendelea. Aliyevuma kuliko wote ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu, ambaye Kiswahili chake kiliwafanya mashujaa wa ng'ambo waseme kama watu wa Dar es Salaam. Huyo ni mrithi wa zile santuri za Vugiri, ila yeye hakutumwa na mtu.

Arudipo mtu kwa mwanafunzi wa Nyasubi, aona kwamba shida yake ya kwanza karibu imekwisha: simu ya mkononi hunasa picha safi kuliko kamera ambazo Notcutt alizisafirisha kwa meli. Shida ya pili hutatuliwa, kama Wakaliga, na wenzake wa shule na mtaa. Ya tatu yamngoja palepale ilipowangoja waliomtangulia. Sahani imetoweka madukani, na intaneti imeshika nafasi yake. Mwenye njia sasa ni kampuni iliyo mbali kuliko Kariakoo, na malipo yake hupimwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi hazioni. Basi kabla ya kupiga picha ya kwanza yampasa kuamua mambo mawili ambayo historia hii yafundisha: haki ya filamu itabaki kwa nani itakapouzwa, na nakala ya asili itawekwa wapi isifutwe. La kwanza ni chakula chake. La pili ni la wote, maana Kiswahili cha Kahama ya wachimba dhahabu, kama wanavyokisema vijana wake wenyewe, huenda kisiwe na ushahidi mwingine isipokuwa filamu ya namna hiyo.