Kanjo wa Mwanga

Hapa Lucky Summer kila mtu anaijua LCD, kwa sababu ya bei yake. Simu ikianguka, fundi anaigeuza mara mbili, anatingisha kichwa: "LCD imeenda." Mimi nataka tuongelee hicho kilichoenda.

Ndani ya skrini kuna kimiminika cha molekuli ndefu kama njiti za kiberiti. Zisipolala upande mmoja, picha haitokei vizuri. Kwa miaka mingi viwanda vilizipanga kwa kusugua plastiki ya ndani na kitambaa. Ndiyo, kitambaa, pamoja na vumbi na mikwaruzo yake.

Lakini njia safi zaidi ilishaonekana kitambo. Mwaka 1919, Mjerumani Fritz Weigert aliona kwamba mwanga unaotetemeka upande mmoja tu huacha mpangilio kwenye filamu ya picha. Mwaka 1937, G. S. Hartley wa Uingereza akaonyesha kwamba molekuli ya azobenzini hujikunja ikipigwa na mwanga. Mwaka 1963, Neporent na Stolbova wa Umoja wa Kisovieti wakaonyesha kuwa rangi za jamii hiyo hugeuzwa na mwanga kama ule wa Weigert.

Zinageuzwaje? Mwanga haushiki njiti na kuizungusha. Fikiria kanjo wanaopita barabara moja tu, mchana kutwa. Mchuuzi aliye pale anatimuliwa, anakimbilia popote. Akirudi hapo, anatimuliwa tena. Akiangukia barabara inayoikata ile, hakuna wa kumsumbua, anatandika mali yake. Kufikia jioni wengi wako huko, na hakuna aliyewaelekeza.

Hesabu ya wananadharia ni hiyohiyo. Molekuli iliyolala sambamba na mtetemo wa mwanga ndiyo humeza mwanga zaidi. Ikikaa digrii 60, uwezekano unabaki robo. Kwenye 90 ni sifuri, imetulia. Joto nalo linazivuruga, kwa hivyo mpangilio unategemea nani kamshinda mwenzake.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walipanga LCD kwa leza. Mwaka 1992 Martin Schadt, akiwa Uswisi, akatumia polima ambayo mwanga uliipanga na kuifunga. Mwaka 2009 Sharp ya Japani ikatangaza runinga zilizopangwa kwa mwanga. Ni miaka 90 tangu Weigert, ambaye hakuwa akitafuta runinga. Alikuwa na swali tu.

Sisi tunauziwa jibu likiwa limefungwa kwa gundi. Likivunjika linaishia Dandora, hapo jirani, na fundi anayeifungua simu akiwa amefumba macho hajawahi kupewa swali lenyewe. Akipewa, sidhani atahitaji miaka 90.