Chokaa ya Kunduchi na Hewa Itokayo Mapafuni

Historia ya ujenzi katika pwani ya Kinondoni, kuanzia Msasani hadi Mbweni, haitenganiki na historia ya chokaa, na chokaa yenyewe haieleweki bila kabonidayoksaidi, hewa ileile ambayo binadamu huitoa mapafuni kila anapopumua. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake mpya, Dar es Salaam, jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, mafundi walitumia vifaa vya aina hiyohiyo.

Matumbawe ni mifupa ya wanyama wadogo wa baharini, na kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalisi, yaani kalisi iliyofungamana na kaboni na oksijeni. Wachomaji chokaa wa pwani walipanga magogo, mara nyingi ya mikoko, wakarundika matumbawe juu yake na kuwasha moto, na joto lilipokaribia nyuzi 900 za Selsiasi mawe hayo yalivunjika, kwa kiasi ambacho kilo 100 za kabonati halisi huacha kilo 56 za chokaa na kupoteza kilo 44 za kabonidayoksaidi. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kupakwa ukutani hufyonza hewa hiyo polepole hadi igeuke jiwe tena, hivyo ukuta hurudishiwa sehemu ya kile ambacho jiwe lilipoteza tanurini.

Katika miaka ya 1750 mwanakemia wa Uskoti, Joseph Black, alionyesha kuwa hewa itokayo kwenye mawe ya chokaa ni tofauti na hewa ya kawaida, kisha akabaini kuwa pumzi ya mtu ikipulizwa katika maji ya chokaa huyafanya yawe meupe kama maziwa. Sababu imo mwilini: chembe hai huunguza chakula kwa oksijeni na kuzalisha kabonidayoksaidi, ambayo damu huibeba hasa kwa umbo la bikabonati, kemikali ileile ambayo matumbawe huitumia baharini kujenga mifupa yao, hadi ifike katika vifuko vya hewa vya mapafu na kutolewa nje. Hewa ivutwayo huwa na takriban asilimia 0.04 ya kabonidayoksaidi, ilhali itolewayo huwa na takriban asilimia 4. Na kwa kawaida kinachoamrisha shina la ubongo kuharakisha pumzi ni ongezeko la hewa hiyo katika damu, zaidi ya upungufu wa oksijeni.

Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha kilima cha Wazo, karibu na Tegeta, kilianza uzalishaji, na mawe ya chokaa ya kilima hicho yakaanza kuchomwa kwa kiwango ambacho tanuri za kuni hazikuwahi kukifikia. Pumzi ya watu, hata mji ukijaa kiasi gani, haiongezi kabonidayoksaidi duniani, kwa kuwa kaboni yake ilichukuliwa hewani muda mfupi uliopita na mahindi, mpunga na mihogo kwa njia ya usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa mwanga wa jua. Kaboni ya jiwe, kinyume chake, ilikuwa imefungwa ardhini kwa muda mrefu mno, na ikiachiliwa huongeza jumla iliyopo angani.

Kwa sababu hiyo mikoko ya Mtoni katika Temeke, pamoja na iliyosalia Kunduchi, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mali za mji, kwani hufyonza kabonidayoksaidi na kuizika kaboni yake katika tope lisilo na oksijeni, ambako huoza kwa taratibu mno. Mti uliokuwa kuni ya kuchomea chokaa una thamani kubwa zaidi ukiachwa umesimama, na mji uliojengwa kwa chokaa na saruji una wajibu wa kuulinda.