Viwango vya michoro ya majengo: Kanuni bila ukaguzi ni kazi bure

VIWANGO vya uchoraji ni kanuni zinazowaongoza wasanifu majengo, wahandisi na wachoraji wanapotayarisha ramani za majengo kwa kutumia programu za tarakilishi. Miongoni mwa programu hizo ni AutoCAD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1982, na Revit, iliyoingia sokoni mwaka wa 2000.

Kanuni hizo hueleza majina ya matabaka ya mchoro, unene wa mistari, ukubwa wa maandishi, vizio vya vipimo na majina ya faili.

Katika AutoCAD, kuta, milango na nyaya huchorwa katika matabaka tofauti, mithili ya karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani, AIA, kilichapisha mwongozo wa matabaka hayo mwaka wa 1990. Herufi ya kwanza hutambulisha taaluma: A ni usanifu, S ni miundo, E ni umeme. Hivyo basi, A-WALL ni tabaka la kuta na A-DOOR ni la milango.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kanuni zake za matabaka, ISO 13567, mwaka wa 1998. Mwaka wa 2018 lilitoa ISO 19650 kuhusu usimamizi wa habari za majengo.

Hasara ya kukiuka

Mchoraji akiweka ukuta katika tabaka la umeme, ukuta huo hutoweka pindi mwenzake anapozima tabaka hilo. Kosa la aina hiyo huonekana upesi.

Kosa la hatari zaidi ni kipimo cha uongo. Mteja akitaka chumba kipanuliwe kutoka milimita 3,450 hadi 3,600, mchoraji mwenye haraka hufuta tarakimu na kuandika nyingine bila kuusogeza ukuta. Mkadiriaji majenzi anayepima mistari kwenye tarakilishi hupata 3,450, ilhali fundi anayesoma karatasi hujenga 3,600. Tofauti hiyo inakaribia upana wa jiwe la inchi sita, na mwenye nyumba ndiye hugharamia ubomoaji.

Utekelezaji

Hatua ya kwanza ni kurahisisha utiifu. Ofisi huandaa faili ya kiolezo yenye matabaka, mitindo ya maandishi na fremu ya karatasi, ili kila mradi uanzie hapo. Mchoraji asiyelazimika kubuni jina la tabaka hana sababu ya kukosea.

Hatua ya pili ni ukaguzi wa programu. AutoCAD inaweza kulinganisha mchoro na faili ya viwango, na kutaja tofauti katika matabaka, aina za mistari, mitindo ya vipimo na mitindo ya maandishi. Hata hivyo, ukaguzi huo hauwezi kung'amua kwamba chumba kimepewa tarakimu ya kubuni.

Kwa sababu hiyo, hatua ya tatu ni jicho la binadamu. Mtu mmoja hupewa mamlaka ya kuzuia mchoro wowote usitoke ofisini kabla ya kukaguliwa. Sheria ni msumeno: mkurugenzi akiruhusiwa kukwepa, wachoraji chipukizi watamwiga.

Funzo la Laufenburg

Umuhimu wa ukaguzi ulidhihirika mwaka wa 2003 katika ujenzi wa daraja la Laufenburg, juu ya mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi. Ujerumani hupima kimo kutoka usawa wa Bahari ya Kaskazini, nayo Uswisi kutoka Mediterania, na tofauti ni sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo na kuitengea marekebisho. Lakini marekebisho yalifanywa kinyume, na tofauti ikawa sentimita 54.

Kanuni ilikuwepo na kila upande uliifahamu. Kilichokosekana ni mtu wa kuthibitisha kwamba imetumiwa ipasavyo. Kufuta mstari kwenye tarakilishi huchukua sekunde chache. Ukuta uliokwisha kusimama huondolewa kwa nyundo.