Gitaa la Mninga: Historia ya Ufundi Tusiyoiandika

Ninapofundisha historia ya viwanda nchini, wanafunzi hutaja upesi Urafiki, Mwatex na vinu vya kuchambulia pamba vya Usukumani. Hakuna anayetaja karakana ya seremala. Makala hii inaanzia humo, katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, ambako nilikaa siku kadhaa nikimtazama fundi mmoja wa vitanda na makabati akiunda gitaa la umeme. Namwomba msomaji anivumilie nieleze kazi yenyewe kwanza, kwa kuwa hoja yangu imo ndani ya kazi hiyo.

Kiwiliwili cha gitaa kilitokana na mabaki ya mbao za mninga. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, na mbao yake ikikauka vizuri haipindi kirahisi. Ndiyo maana maseremala huiheshimu. Fundi aliunganisha vipande viwili kwa gundi, akavibana usiku kucha, kisha akachora umbo na kulifuata kwa msumeno, randa na tupa. Shingo ilimpa kazi zaidi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 40, na shingo dhaifu hujikunja kama upinde. Kwa hiyo aliichimba mfereji, akalaza ndani yake nondo nyembamba, kisha akaufunika kwa kipande cha mpingo.

Juu ya mpingo huo hupangwa freti, na hapo ndipo useremala unapokutana na hesabu. Urefu wa uzi ulio huru ulikuwa milimita 648. Ukigawa kwa 17.817 unapata takriban milimita 36.4, na hapo ndipo hukaa freti ya kwanza. Urefu unaobaki hugawanywa tena kwa namba ile ile, na kuendelea hivyo, hadi freti ya 12 inapoangukia katikati kabisa ya uzi. Akikosea milimita moja, sikio la mpigaji litamshitaki. Fundi alipiga hesabu hizo kwenye simu yake na kuziandika kwa penseli ubavuni mwa ubao.

Sehemu ya umeme ilikuwa ya jirani yake, fundi redio. Gitaa la umeme halihitaji tumbo lenye uwazi, kwa sababu sauti yake haitoki katika mbao pekee. Chini ya nyuzi hukaa sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba, mwembamba karibu na unywele. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya na kupelekwa kwenye kikuza sauti. Kifaa hicho ndicho wapigaji hukiita pikapu. Fundi redio alikizungushia waya uliotoka katika vifaa vibovu, akihesabu mizunguko kwa subira ya msuka ukili.

Kisha ukaja umaliziaji: msasa mkali, msasa laini, tabaka la vanishi, siku ya kusubiri, msasa tena, vanishi tena. Adui mkubwa alikuwa vumbi la barabara, na ilimbidi apake alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kazi.

Wapo watakaoiita kazi hii ubabaishaji. Nawaalika wasome historia. Leo Fender, Mmarekani ambaye jina lake liko juu ya magitaa yanayotamaniwa duniani kote, alikuwa fundi redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na magitaa yake ya mbao ngumu isiyo na uwazi yakaingia sokoni mwaka 1950. Huko Uingereza, mwaka 1963, kijana Brian May na baba yake walianza kuunda gitaa nyumbani. Mbao ya shingo waliitoa katika rafu kuukuu ya mekoni, vifungo vya nguo vikawa alama za shingoni, na springi za pikipiki zikatumika katika daraja. Kazi hiyo iliwachukua miaka miwili. Gitaa hilo ndilo alilolipiga katika bendi ya Queen, kando ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Dunia hailiiti gitaa la kienyeji. Huliita kazi ya kipaji.

Kwetu, historia ya gitaa la umeme imeandikwa kama historia ya bendi, na nyuma ya kila bendi alisimama mwenye vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuhamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi, polisi na jumuiya ya vijana nao walikuwa na bendi zao. Mfumo huo uliwapa wanamuziki mshahara, jambo ambalo wanamuziki wengi wa leo hawana, na sitaubeza. Lakini gitaa halikuwa la mpigaji. Aliyehama bendi aliliacha ukutani. Uhaba wa fedha za kigeni ulipozidi kuelekea miaka ya 1980, kumiliki vyombo kukawa ni kumiliki watu. Hata Super Matimila, bendi ya Dkt. Remmy Ongala, mwimbaji wa wanyonge, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa mmiliki wa vyombo vyake.

Sambamba na historia hiyo ilikuwapo nyingine, ya watu waliojiundia. Msukuma na Mnyamwezi waliunda zeze kwa kibuyu na kijiti vizazi vingi kabla ya meli kuleta gitaa. Watoto wetu wameunda magitaa ya debe na kopo bila kufundishwa na mtu. Kinshasa, kundi la Staff Benda Bilili lilijulikana duniani mwaka 2009 likiwa na kijana aliyepiga chombo cha uzi mmoja alichokibuni mwenyewe kwa kopo na kijiti. Ufundi haukuwahi kukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuandika na taasisi ya kuukuza.

Kahama ina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mji huu umezungukwa na Bulyanhulu na Buzwagi. Mwezi Machi 2017 serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, taifa zima lilijifunza kwamba ndani ya makontena yale, pamoja na dhahabu, mlikuwa na shaba. Shaba yetu huondoka ikiwa mchanga na kurudi ikiwa waya, na waya huo tunauokota katika redio zilizokufa. Mpingo wetu nao huondoka ukiwa kipande na kurudi ukiwa zumari la orkestra, kwa bei ambayo mkata mti haijui. Tulibishana, kwa haki kabisa, kuhusu asilimia za mrabaha. Hatukubishana vya kutosha kuhusu nani hapa nchini ajifunze kuugeuza mchanga kuwa waya na gogo kuwa ala.

Najua pingamizi litakalokuja: gitaa la kiwandani kutoka China ni rahisi zaidi, na fundi mmoja hawezi kushindana nalo. Ni kweli, kwa bei hawezi. Lakini aliyeunda gitaa moja anajua hesabu ya sauti, tabia ya mbao na njia ya umeme, na maarifa hayo hayashuki bandarini pamoja na makasha. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA ipo kwa ajili ya stadi. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: mkaribisheni seremala na fundi redio katika darasa moja, na kazi yao ipimwe na ipewe cheti.

Siku ya mwisho nilimkuta fundi ameduwaa mbele ya kichwa cha gitaa, mahali ambapo huandikwa jina la mtengenezaji. Mteja alitaka liandikwe jina la kampuni ya Marekani, ili wenzake kwenye kwaya wasimcheke. Fundi aliniuliza mimi, mwalimu wa chuo kikuu, kama hilo ni kosa. Nilimjibu kwamba huko ni kughushi. Akaniuliza kama akiandika jina lake na la Nyasubi gitaa litanunuliwa. Sikuwa na jibu. Nilipoondoka, mahali pale palikuwa bado patupu, vanishi ikikauka.