Gesi ya Ziwa Kivu na Safari Ndefu ya Kuipima

Mkazi wa Bukavu, upande wa Kongo, analijua Kivu kwa dagaa wa sambaza na kwa mashua za kwenda Goma. Sambaza huishi kwenye maji ya juu tu, kwa sababu huko chini hakuna oksijeni. Katika ziwa hili, ambako kina hufika mita 485, kumeyeyuka takriban mita za ujazo bilioni 60 za metani na bilioni 300 za hewa ukaa.

Hesabu hiyo haikupatikana upesi. Maji ya kilindini yakipandishwa, mgandamizo hupungua na gesi hutoroka kama ya soda iliyofunguliwa.

Mwaka 1935 Mbelgiji Hubert Damas aligundua kwamba kadiri unavyoshuka, joto na chumvi huongezeka, na kwamba maji ya kilindini yana gesi. Uzito wa chumvi ndio unaoyazuia yasipande. Kufikia 1963, metani ilikuwa ikiwasha majiko ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi.

Swali la asili ya gesi lilijibiwa na spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha kaboni nyepesi na nzito. Mwaka 1973, kwa vipimo vya aina hiyo, watafiti Deuser, Degens, Harvey na mwenzao walieleza kwamba sehemu kubwa ya metani hutengenezwa na bakteria kutokana na hewa ukaa ya volkano.

Mwaka 2005 hofu ilitanda: utafiti ulidai metani imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30. Watu walikumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambako mlipuko wa gesi uliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986.

Ndipo mwaka 2018 timu kadhaa zilipokutana Kivu kulinganisha vipimo. Timu moja ilizamisha spektromita ya leza ziwani. Utando wake hupitisha gesi na kuzuia maji, kisha mwale wa leza hupita ndani ya gesi hiyo. Metani hufyonza sehemu ya mwale huo, na mwanga uliopotea hueleza kiasi cha metani. Ulinganisho huo, uliochapishwa mwaka 2020, haukuona ongezeko.

Sasa mtambo wa KivuWatt, Rwanda, huzalisha megawati 26 kwa gesi hii, ambayo ni mali ya Kongo pia. Maji yaliyokamuliwa gesi yakirudishwa kwenye kina kisichofaa, matabaka yanaweza kuvurugika. Ndiyo maana vipimo vya 2018 vinaihusu Bukavu pia: vikilinganishwa na vipimo vya baadaye, vitaonyesha kama uvunaji umelibadilisha ziwa.